Spika Iliyoongea Msibani

SHANGAZI: Haya, karibuni tena barazani. Leo mwenzangu kaja macho mekundu, nadhani hajalala tangu Ijumaa.

MPWA: Shikamoo, shangazi. Usianze.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Sianzi, namalizia. Wasikilizaji, Ijumaa nilikwenda chuoni kwao. Michezo minne mifupi, ya onyesho moja moja, yote wameongoza wanafunzi wenyewe. Wa tatu ulikuwa wa huyu bwana.

MPWA: Dakika 25. Watu wanne, kitanda cha kamba na ndoo.

SHANGAZI: Na spika.

MPWA: Na spika. Basi nisimulie mwenyewe kabla hujatia chumvi. Kaka na dada wanagombea nyumba ya baba yao, na maiti bado imo ndani. Kuna mahali dada anafunua shuka, anamtazama baba, hasemi kitu. Nilimwambia ahesabu moyoni mpaka 12 ndipo ageuke. Kimya hicho tulikitolea jasho wiki mbili. Sasa Ijumaa, kwa makisio yangu yuko kwenye saba hivi, ukumbi umetulia tuli, spika ikapaza sauti ya kike, Kizungu cha puani, kutangaza kwamba imeungana na simu.

SHANGAZI: Mzee mmoja nyuma yangu akaitikia, "Amina."

MPWA: (anacheka) Nilimsikia! Simu ya kijana wa sauti ilijizima, ikawaka tena yenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

SHANGAZI: Lakini hebu tuseme kweli. Yule binti hakushtuka. Watu wamecheka weee, yeye kashika pindo la shuka tu. Kicheko kikaisha. Akasubiri kimya kirudi, kikarudi kweli, ndipo akageuka. Ulimfundisha wewe?

MPWA: Wapi! Mimi nilikuwa mlangoni, sina la kufanya. Hilo hakuna aliyeniambia mapema: usiku wa onyesho mwongozaji hana kazi. Taa ziko mikononi mwa msimamizi wa jukwaa, waigizaji wanasikilizana wao kwa wao. Wewe unabaki kama baba wa bwana harusi aliyekwisha kulipa kila kitu.

SHANGAZI: Unazunguka tu kuuliza kama wageni wamekula.

MPWA: Ndiyo hivyo.

SHANGAZI: Mimi kilichonikaa ni ile futi kamba. Kaka mtu anaingia kutoa pole, mkono mmoja kashika leso, mwingine futi kamba, anapima ukuta. Hajasema neno, tumeshamjua.

MPWA: Asante, maana pale palikuwa na ukurasa mzima wa maneno. Anaeleza madeni, anaeleza alivyosomeshwa, anamlaumu marehemu. Niliukata wote. Rafiki yangu aliyeuandika hakunisemesha siku tatu. Lakini dakika 25 hazitoshi mtu kujitambulisha, shangazi. Lazima aingie akiwa tayari na lake.

SHANGAZI: Na kipimo hicho si kigeni kwetu, msidhani mmeletewa na silabasi. Pwani, kwenye taarabu, wapigaji wakienda kupumzika, katikati pale panachezwa kichekesho. Kifupi, watu wachache, mume kadanganywa, mke kafumaniwa, basi. Ebrahim Hussein aliuchukua mtindo huo akauingiza kwenye tamthilia, ile Alikiona. Na alikuwa mwanafunzi kama wewe, Dar es Salaam, miaka ya 1960. Kinjeketile, ambayo kila mtu anaijua, imechapishwa 1969. Alianzia kwenye mifupi.

MPWA: Kumbe! Sisi kichekesho tunakiona kama kitu cha kwenye simu tu.

SHANGAZI: Ndiyo maana nakwambia. Halafu wenzenu Kenya wana tamasha lao la shule, kubwa kweli, ila huko mara nyingi anayeongoza ni mwalimu. Mtoto anang'ara, lakini maamuzi si yake. Ninyi mkikosea, mmekosea wenyewe. Kama yule wa mchezo wa mwisho.

MPWA: Shangazi, ni rafiki yangu.

SHANGAZI: Simtaji. Ila kuzima taa kila baada ya dakika tatu ili mhamishe viti, ule ni mgao wa umeme! Onyesho ni moja, mahali ni pamoja, viti vinahamia wapi? Na wale wa kwanza walikuwa na mchezo mzuri mno, ila nusu yake tumeona migongo.

MPWA: Hao walifanyia mazoezi darasani, hadhira wameikuta siku ile ile. Yetu tuliifanyia uani, mbele ya mama lishe na wateja wake. Mteja akiacha kutafuna, tunajua hapo pameshika.

SHANGAZI: Sasa huyo binti, ulimuuliza alifika ngapi?

MPWA: Nilimuuliza. Akasema hesabu yangu aliiacha tangu wiki ya kwanza, ilikuwa inamchanganya. Anaangalia kidole gumba cha marehemu. Kikitikisika, anajua mwenzake amechoka kujikausha, anageuka.

SHANGAZI: (anacheka) Kwa hiyo aliyekuwa anaongoza pale ni maiti.

MPWA: Ndivyo hivyo. Jumamosi hii tunarudia, saa kumi na mbili jioni, bure. Na tumeazima ngoma.

SHANGAZI: Spika je?

MPWA: Imebaki bwenini.