Mshonaji wa Greeneville na Ardhi Iliyorudi kwa Mabwana

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Mwezi Juni mwaka 1824, fundi nguo mmoja wa mji wa Raleigh, North Carolina, alitoa tangazo gazetini. Wanagenzi wake wawili, mtu na kaka yake, wametoroka. Atakayewarudisha atapewa dola 10. Akaongeza kwamba hata akiletwa Andrew peke yake, zawadi ni ile ile. Andrew alikuwa na miaka 15. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3, na mama, aliyekuwa akifua nguo za watu, alishindwa maisha akamfunga mtoto kwa fundi mpaka atimize miaka 21.

Huyo ndiye Andrew Johnson, rais wa 17 wa Marekani. Wanahistoria walipoulizwa mwaka 2021 kuwapanga marais wao, walimweka nafasi ya 43 kati ya 44. Wengi wakimzungumzia huanza na pombe aliyokunywa siku ya kuapishwa umakamu wa rais, Machi 1865, akahutubia Seneti huku ulimi umemlemea. Mimi nimeanza na lile tangazo kwa sababu lilifanana sana na yale yaliyotolewa kusaka watumwa waliotoroka. Alijua ladha ya kuwindwa kwa fedha. Kwangu, hapo ndipo panapouma.

Alivuka milima akafika Greeneville, Tennessee, mwaka 1826, akafungua kibanda chake cha kushona. Nasema kushona, sisemi cherehani, maana cherehani ilikuwa haijaingia madukani; ilikuwa ni sindano, uzi na macho. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Mwaka uliofuata alimwoa Eliza McCardle, binti wa miaka 16, naye ndiye aliyemfundisha kuandika vizuri na kupiga hesabu. Watu walikuwa wakimsomea hotuba za wanasiasa huku yeye mkono unakwenda kwenye kitambaa. Kibanda hicho kipo mpaka leo, kimejengewa nyumba ya matofali juu yake kisiharibike. Ndani yake ndimo alimotoka diwani, meya, mbunge, gavana, kisha seneta. Mwaka 1861 Tennessee ilijiunga na majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani kulinda utumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaka. Maseneta wa majimbo hayo waliondoka wote. Alibaki yeye tu kitini. Ule ulikuwa ujasiri, nami simnyimi haki yake.

Rais Abraham Lincoln alimfanya gavana wa kijeshi wa Tennessee, kisha mgombea mwenza. Oktoba 1864, usiku, mjini Nashville, mbele ya umati wa watu weusi, Johnson aliahidi kwamba atakuwa Musa wao, awavushe kutoka utumwani. Shikeni neno hilo. Miezi sita baadaye Lincoln aliuawa, na Musa akawa rais.

Sasa njooni nami kisiwani Edisto, pwani ya South Carolina. Januari 1865 Jenerali Sherman, wa jeshi la Lincoln, alitoa amri namba 15: ardhi ya pwani kutoka Charleston hadi kaskazini mwa Florida, iliyoachwa na mabwana waliokimbia, igawiwe familia zilizokuwa utumwani, kila moja isizidi ekari 40. Hapo ndipo ulipotoka ule msemo wa ekari 40 na nyumbu, yaani nyumbu mtoto wa punda na farasi, wa kukokota plau. Kufikia Juni watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa kwenye ekari karibu 400,000. Walikuwa wameshapanda mahindi na viazi vitamu vyao wenyewe.

Tarehe 29 Mei Johnson alitangaza msamaha kwa waasi. Ukiapa utii, unarudishiwa mali yako yote isipokuwa watumwa. Matajiri wenye mali ya zaidi ya dola 20,000 walitakiwa kumwomba yeye mwenyewe. Mshonaji aliyewachukia matajiri wa mashamba maisha yake yote akawa anapangiwa foleni nao mlangoni. Akawasamehe kwa maelfu, na kila msamaha ulibeba shamba, na juu ya shamba palikuwa na watu.

Oktoba alimtuma Jenerali Howard, mkuu wa idara iliyohudumia walioachwa huru, akawaambie watu wa Edisto. Howard alikuwa na mkono mmoja, ule wa kulia aliupoteza vitani. Aliwakuta wamejaa kanisani. Alipoanza kueleza kwamba ardhi inarudi kwa wenyewe, kelele zilipanda hata hasikiki, mpaka mwanamke mmoja alipoanza kuimba wimbo wa majonzi na wote wakaitikia. Kisha kamati ya watu watatu wa kisiwa, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, ikamwandikia. Walimwambia: unatuomba tuwasamehe, wewe vitani umepoteza mkono tu, unaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga mtini akanichapa viboko 39, aliyemvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na leo hataki nikae hata kwenye kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei anayotaka yeye, huyo siwezi kumsamehe. Walimwandikia pia rais. Ardhi ikarudi kwa mabwana.

Mengine yalifuata mkondo huo huo. Mississippi ilitunga sheria ya kumlazimisha mtu mweusi kila Januari aonyeshe karatasi ya ajira. Asiye nayo ni mzururaji, anatozwa faini, akishindwa kulipa anakodishwa kwa mwenye shamba. Bunge lilipopitisha sheria ya haki za raia mwaka 1866, Johnson aliikataa, Bunge likamshinda. Miswada 29 aliikataa, 15 ikawa sheria bila ridhaa yake. Mwaka 1868 alimfukuza waziri wa vita, Edwin Stanton, akawa rais wa kwanza kushtakiwa na Bunge. Seneti ilikosa kura moja tu kufikisha theluthi mbili za kumng'oa: 35 dhidi ya 19.

Kwa miongo kadhaa waandishi wengi wa Marekani walimsifu kama mlinzi wa Katiba. Mwanahistoria mweusi W.E.B. Du Bois aliwajibu mwaka 1935, akiwaweka mbele wale waliokuwa watumwa, lakini ilichukua miaka mingine mingi kabla hajasikilizwa.

Kuna jambo dogo ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Johnson mwenyewe alimiliki watumwa, akiwamo Sam na dada yake Dolly. Aliwaacha huru, na inakumbukwa kuwa ilikuwa tarehe 8 Agosti 1863. Tennessee bado huiadhimisha siku hiyo. Mwaka 1867 Sam Johnson alimwandikia rais kutoka Greeneville. Aliomba auziwe ekari moja, yeye na wenzake wajenge kanisa na shule. Rais aliisoma barua, akakubali kuitoa ekari ile bila malipo. Sam alikuwa mtu wake, na aliomba kwa heshima, kofia mkononi. Watu wa Edisto walikuwa wamesema ardhi ni haki yao.