Chupa Moja ya Maji Haitoshi: Kupima Rutuba Iliyozidi Katika Bahari ya Tanga

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wavuvi, wakulima wa mwani na wanafunzi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa mwani, wavuvi, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, nawashukuru kwa kuja. Najua saa hizi maji yanajaa. Yangekuwa yanapwa, wengi wenu mngekuwa kazini.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipoingia katika kazi hii, nilipewa jukumu la kupima maji ya mlango wa mto Mkulumuzi. Nilikwenda mara nne, na mara zote nne maji yalikuwa yamejaa, kwa sababu boti tuliyokodi haikuweza kupita maji yakipwa. Nikachota, nikapima, majibu yakaonyesha maji safi, hayana neno. Nikaandika ripoti. Siku moja nikamsimulia mzee mmoja wa Sahare, mvuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo uliyochota ni ya mto, au ni ya bahari kuu yaliyokuja kutembea?"

Sikuwa na la kujibu. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yetu hupanda zaidi ya mita 3. Maji yote hayo yanatoka nje, yanaingia ghubani na kuusukuma mto urudi nyuma. Nilikuwa nimeipima Bahari ya Hindi mara nne, na mto sikuupima hata mara moja. Ripoti ile ilikuwa na tarakimu sahihi na jibu la uongo. Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa mtu yeyote anayeniletea majibu ya maabara ni hili: maji yalikuwa yanajaa au yanapwa?

Tuseme sasa tunapima nini. Mkulima akisikia neno rutuba anafurahi. Naitrojeni na fosforasi ndizo zinazojaza mahindi na kukoleza majani ya mchicha. Lakini matumbawe yamezoea maji maskini. Katika maji ya matumbawe yenye afya, naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, mara nyingi haifiki maikromoli 1 kwa lita. Niiweke hivi: chukua tangi la maji la lita 1000, kama lile la nyumbani kwako. Naitrojeni hiyo iliyomo haifiki miligramu 14, uzito mdogo kuliko punje moja ya mchele. Fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, ni kidogo zaidi ya hapo. Tumbawe limejifunza kuishi na uhaba huo. Ndani ya mwili wake amekaa mmea mdogo sana anayempikia chakula kwa mwanga wa jua, na yeye humpa mpangaji wake mabaki yake kama mbolea. Wanazungushiana hicho kidogo walichonacho, hakitoki nje ya nyumba.

Ukimwaga rutuba hapo, anayeneemeka ni jirani. Mwani wa porini unakua haraka kuliko tumbawe na kulifunika. Vijimea vinavyoelea vinaongezeka, maji yanakuwa kama chai ya maziwa, na mwanga haufiki chini kwenye nyasi bahari. Na kuna kiumbe ambaye hatumtaji sana, nami nampenda: mwani wa chokaa, ule wa rangi ya waridi unaopaka mawe. Ndio saruji ya mwamba, na mtoto wa tumbawe hupenda kutua juu yake. Marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, waliuchunguza mwani huu Unguja, na mwaka 1995 wakaeleza kuwa ulipungua karibu na majitaka ya mjini, na kwamba fosfeti huzuia ukuaji wake. Kazi ile imefanyika kwenye maji yetu, na mikono ya kwetu ilikuwamo. Wanafunzi, isomeni.

Hapa Tanga rutuba inatoka wapi? Kuna mito: Sigi inashuka kutoka Usambara Mashariki, Mkulumuzi inapita mashambani, na kusini kuna Pangani, inayobeba maji kuanzia Kilimanjaro na Meru. Mkondo wa bahari yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza kasi, kwa hiyo watu wa Kigombe wana haki ya kuuliza Pangani imebeba nini. Kuna mkonge. Katika kila kilo 100 za jani zinazoingia kwenye korona, kiwanda cha kukwangua mkonge, singa, yaani nyuzi, ni kilo 4 hivi. Mengine yote ni maji na makapi. Makapi yakifika mtoni, kwanza yanaoza na kula hewa ya maji, na samaki wanakosa pumzi. Naitrojeni inafuata polepole. Ndiyo maana chini ya korona hupimi naitreti peke yake. Unapima na oksijeni, tena alfajiri, kabla mimea haijaanza kuitengeneza upya.

Na kuna sisi wenyewe, na mashimo yetu ya vyoo. Ardhi ya pwani hii ni jiwe la matumbawe ya kale, limejaa matobo kama sponji. Kinachoingia shimoni hakikai shimoni. Wavuvi mnajua sehemu ambazo maji ya baridi, yasiyo na chumvi kali, yanabubujika chini ya bahari wakati wa kupwa. Hakuna mto pale, hakuna bomba, na mkaguzi akipita hataona kitu. Lakini kipima chumvi kitaona. Naomba mtuonyeshe sehemu hizo, kwa sababu hakuna ramani inayozionyesha vizuri kama vichwa vyenu.

Kupima kwenyewe si uchawi. Chupa inaoshwa kwa asidi, haioshwi kwa sabuni, kwani sabuni nyingine zina fosfeti. Inasuuzwa mara tatu kwa maji yale yale unayotaka kuchota. Mchotaji anasimama upande ambao mkondo unamjia, asichote tope alilolitibua mwenyewe. Maji yanachujwa pale pale, yanawekwa gizani kwenye barafu na kugandishwa siku hiyo hiyo, kwa maana ndani ya chupa kuna wadogo walio hai, na wanaendelea kula. Ukichelewa kutwa nzima juani, unapima walichobakiza. Na asiwepo mvuta sigara karibu. Moshi una amonia, aina nyingine ya naitrojeni, nayo huingia kwenye maji kirahisi mno.

Maabara tunatumia rangi. Fosfeti ikikutana na molibdeni ndani ya asidi inageuka buluu. Naitreti tunaipitisha kwenye kadimiamu iwe naitraiti, halafu inatoa rangi ya waridi. Rangi ikikolea, rutuba ni nyingi, na mashine inatupa namba. Kila mara tunaweka na chupa ya maji yasiyo na kitu, iliyokwenda safari nzima na kurudi. Ile ikitoa rangi, tatizo ni letu, si la bahari.

Hayo yote yakifanywa vizuri, chupa bado haitoshi. Mvua ya kwanza ya vuli inaweza kusukuma uchafu wa miezi kwa saa chache za usiku, na mwani ukala chote kabla hujapata usafiri. Unafika asubuhi, maji hayana kitu, na mwamba umevaa kijani. Usidanganywe na maji hayo: rutuba imeshahamia kwenye mwani.

Basi tuupime mwani. Huu ndio moyo wa nilichokuja kusema. Mwani umekaa pale usiku na mchana, maji yakijaa na yakipwa, na umeweka akiba ya ulichokula. Unachukua kipande, unakikausha, unakisaga, unapima naitrojeni iliyomo. Tena unaweza kuuliza imetoka wapi. Atomu za naitrojeni ziko nyepesi na nzito. Nzito ni chache, karibu 0.37 katika kila 100. Mbolea ya kiwandani hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo uwiano wake unakaribiana na wa hewa. Majitaka ya binadamu ni tofauti: amonia nyepesi hutangulia kuruka, bakteria nao hupendelea zile nyepesi, na zinazobaki zinaelemea upande wa nzito. Mwani uliolishwa na choo hubeba alama hiyo. Kinyesi cha ng'ombe nacho kina alama inayofanana, na tope la mikoko linaweza kuichanganya, kwa hiyo hatuhukumu kwa alama hii peke yake. Lakini inatusogeza mbali sana kuliko kunyoosheana vidole.

Watafiti wa Moreton Bay, Australia, walikwenda hatua zaidi. Walichukua mwani kutoka sehemu safi, wakautundika kwenye vituo vingi kwa siku 4, kisha wakachora ramani ya majitaka yanakofika. Kutundika mwani kwenye kamba! Mama zangu, kuna kazi gani hapo msiyoijua? Na mwani mkavu husafiri ndani ya bahasha. Hauhitaji barafu wala friji, na mashine ya kupima atomu hizo ikiwa mbali, sampuli itafika salama.

Kuna jambo moja linalowatega wengi, nami limewahi kunitega. Ukiona mwamba umejaa mwani, usikimbilie kusema ni majitaka. Pono na tafi ndio wanaoufyeka. Sisi Tanga tulipigwa na mabomu ya wavuvi kwa miaka mingi, samaki wakaisha, mawe yakavunjika. Mwani unaweza kuwa mwingi kwa sababu wa kuula hayupo. Naitrojeni ya ndani ya mwani inasaidia kutenganisha: ikiwa ni ya kawaida, tafuta nyavu na mabomu, ikiwa imepanda na alama ni ya choo, tafuta mashimo. Pengine utakuta vyote viwili.

Ghuba ya Kaneohe huko Hawaii ilikuwa ikipokea majitaka kwa miaka mingi, mwani ukafunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 majitaka yakahamishiwa bahari ya kina. Miaka iliyofuata maji yalisafika, mwani ukapungua na matumbawe yakaanza kurudi. Wanaweza kuonyesha hayo kwa sababu walikuwa wamepima kabla. Hapa kwetu bandari imechimbwa kina, Chongoleani kumekuwa na ujenzi wa kituo cha mafuta ghafi, mji unatanuka kuelekea kila upande. Kila mwezi unaopita bila kupima ni mwezi wa "kabla" tunaoupoteza, na haununuliki.

Mama mmoja amenyoosha mkono. Ndiyo, mama.

Anauliza: mwani wa kulima si unakula rutuba hiyo? Basi majitaka si yanaufaa?

Mama, swali zuri. Ni kweli mwani wako unaila, lakini na ule mwani mwembamba unaojisokota kwenye kamba zako unaila, tena unakua haraka zaidi na kuukaba wa kwako. Na majitaka hayaji na naitrojeni peke yake, yanakuja na vijidudu vya kuharisha, na wewe umesimama humo hadi kiunoni. Ninachokuomba ni daftari. Kila ukiona kamba zimevaa uchafu, andika tarehe, andika kama mvua ilinyesha na maji yalikuwa bamvu au mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo. Mwezi ukiandama, bamvu hii inayokuja, tutakutana Sahare maji yakianza kupwa. Vikapu vya kutundikia mwani ninavyo vitano, na mzee wa dema amekubali kutupeleka hadi mlango wa Mkulumuzi.