Namna ya Kukifuata Kimbunga kwa Simu Ukiwa Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Hapa niko gatini Lamu, na hizo nyuma yangu ni mashua za wavuvi. Leo nawaonyesha jinsi ya kukitambua kimbunga kikiwa bado mbali baharini.

Fungua Zoom Earth, programu ya ramani na picha za setilaiti, kwenye simu. Itafute Lamu, kisha ibane ramani kwa vidole viwili mpaka Madagaska yote iingie kwenye kioo. Picha hizi zinatoka kwa Meteosat, setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Kila dakika 15 inapiga nyingine. Saa ikiwa imeandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza 3 upate saa za kwetu.

Usishtushwe na kila wingu jeupe. Bonyeza kitufe cha kucheza, uzitazame picha za tangu jana. Mawingu yakivimba kisha yakatawanyika, hiyo ni mvua tu. Lakini tazama hapa, nasogeza simu karibu: yanajiviringa kuzunguka kitovu kimoja, kama ukili wa kawa. Kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Katikati pakitoboka tundu safi, hilo ni jicho, na kimbunga kimeshakuwa kikali.

Usiku setilaiti husoma joto. Vilele vya mawingu vilivyo baridi kabisa ndivyo vilivyopanda juu zaidi, na chini yake mara nyingi mvua ni kubwa.

Sasa washa rada. Yenyewe hutuma mawimbi ya redio, yakigonga matone ya mvua yanarudi. Lakini dunia ni mviringo, kwa hiyo mbali sana miale hupita juu ya mvua. Tafadhali lishikeni hili: bahari isiyo na rangi kwenye ramani ya rada si lazima iwe shwari. Huenda hakuna rada inayofika pale. Huko tegemea setilaiti.

Lamu iko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na mzunguko wa dunia hapa hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo uzunguke, ndiyo maana vimbunga havitufikii kwa urahisi. Mawimbi yake ndiyo husafiri. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, hata pwani ya Kenya ilipewa tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa. Kwa hiyo ukiona mviringo kule kusini, piga simu kwa nahodha wako kabla hajatweka tanga, umsomee na tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa.