Kiyoyozi cha Nyumba ya Pwani: Anza na Unyevu

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua kiyoyozi cha nyumbani, na najua baadhi yenu mmekuja na kalamu mkononi mkisubiri nitaje kampuni. Sitataja. Mteja akiniuliza, "Fundi, AC gani nzuri?", na mimi namuuliza paa lake ni la nini, dirisha linatazama wapi, na usiku wanalala wangapi. Mtambo uleule unaweza kuwa neema Mikocheni na hasara Kimara, kwa sababu ya chumba tu.

Tuanze na joto letu lenyewe. Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, mchana wa Dar es Salaam unafika nyuzi 32 hivi, na usiku wa Februari haushuki sana chini ya 25. Lakini nyuzi 25 peke yake hazimtoi mtu kitandani. Dodoma, hewa ikiwa kavu, mtu analala nazo vizuri tu. Kinachotutesa hapa ni unyevu. Hewa imeshiba maji, jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa hiyo kiyoyozi cha pwani kina kazi mbili, kupoza na kukausha, na usiku ile ya pili ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Ukitaka kuiona kazi hiyo, tega ndoo chini ya lile bomba dogo linalomwaga maji nje. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye chumba chenye unyevu mwingi inaweza kutoa lita moja kwa saa, pengine na zaidi. Maji hayo yalikuwa mvuke chumbani kwako. Kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji kunakula BTU 2,300 hivi, yaani karibu moja ya tano ya nguvu ya mtambo huo kwa saa nzima.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtu ana chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4, anaambiwa dukani achukue ya 18,000 "ili ipoze haraka". Kweli itapoza haraka. Baada ya dakika chache kipimajoto kinaona nyuzi 24, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inazima. Lakini ile koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa, inahitaji muda ipoe, ilowe, ndipo maji yaanze kutiririka. Kompresa ikizima mapema, feni inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa na kuurudisha unyevu uleule chumbani. Mwenye nyumba anajikuta kwenye chumba baridi chenye shuka za majimaji na harufu ya ukungu. Anashusha hadi 18, anajifunika blanketi, na bado hajisikii vizuri. Mtambo wake ni mzima kabisa, ila hauachiwi muda wa kukausha. AC inayofaa huku kwetu ni ile inayofanya kazi muda mrefu, polepole.

Basi pima. Urefu mara upana wa chumba, kisha zidisha kwa 600. Hicho ni kianzio changu kwa chumba chenye dari na kivuli cha kutosha. Mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16, unapata BTU 9,600. Dirisha linachomwa na jua la jioni? Ongeza asilimia 10, tumefika 10,560. Wanaolala wakizidi wawili, kila mmoja mwongezee 600. Wakiwa wanne, jumla ni 11,760. Hapo chukua 12,000 na usimsikilize anayekusukumia 18,000. Chumba cha 3 kwa 4 cha watu wawili, 9,000 inatosha. Sebule iliyoungana na jiko na korido ni habari nyingine: baridi haijui mpaka wa sebule, kwa hiyo pima eneo lote au weka mlango.

Paa la bati lisilo na dari linaharibu hesabu yote hii. Bati la saa tisa alasiri linamwaga joto chumbani mpaka usiku. Kabla ya kununua AC kwa nyumba ya namna hiyo, weka dari, na juu ya dari weka chochote cha kuzuia joto, na uache matundu ya hewa kwenye kingo za paa. Wajenzi wa Mji Mkongwe kule Unguja walikuwa na kuta nene za mawe na vichochoro vyenye kivuli. Sisi tumejenga kuta nyembamba, tukakata miti, tukaweka madirisha ya vioo vitupu. Pazia zito upande wa magharibi na mti mmoja wa mwarobaini vinaweza kukupunguzia ukubwa wa AC unayohitaji. Nalisema hili ingawa mimi ndiye muuzaji wa kazi ya AC.

Inverta au ya kawaida? Ya kawaida kompresa yake inajua kuwaka na kuzima tu. Ya inverta inapunguza mwendo na kuendelea taratibu, ndiyo maana naipendekeza kwa chumba cha kulala. Tuseme AC ya kawaida ya 12,000 inavuta wati 1,100, inawashwa saa 8, na kompresa inafanya kazi robo tatu ya muda huo: ni yuniti 6.6. Kwa bei tuliyoizoea ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, elfu kumi kwa yuniti 28 hivi, huo ni usiku wa shilingi 2,300 na ushee. Inverta iliyopimwa vizuri kwa kawaida hupunguza kama theluthi. Lakini chumba cha wageni kinachofunguliwa mara moja moja hakitarudisha gharama yake. Weka ya kawaida. Na bodi ya inverta haivumilii umeme unaopanda na kushuka, hivyo kifaa cha kulinda umeme kinunuliwe siku hiyohiyo.

Dukani, gawanya BTU kwa wati zilizoandikwa ubavuni. Chini ya 10, achana nayo. Ikifika 12, ni nzuri.

Kisha soma aina ya gesi. R22 inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Nchi zetu zinafikia ukingoni mwaka 2030. AC ya mtumba yenye R22 ni rahisi leo, kesho gesi yake itakusumbua. R410A haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto mara 2,000 na zaidi kuliko kaboni dayoksaidi; R32 ni mara 675, ndiyo maana mimi nachagua R32, hasa baada ya makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto. Inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo inataka fundi aliyeisomea.

Na gesi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba miaka yote. Fundi anayekuongezea gesi kila mwaka bila kutafuta inapovuja anakula pesa yako. Siku ya kufunga, mwulize kama ana pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba. Kama anataka kutoa hewa kwenye mabomba kwa kuachia gesi kidogo, msimamishe hapo hapo.

Walio Kigamboni na Msasani karibu na bahari, chagueni koili zenye rangi ya kinga, kile kisanduku cha nje kifungwe upande usiopigwa na upepo wa chumvi, na kioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Chujio la ndani lioshwe kila baada ya wiki mbili.

Usiku anza na nyuzi 26 na feni ya dari mwendo wa chini. Ukihisi unyevu bado, bonyeza alama ya tone la maji kwenye rimoti kabla hujashusha nyuzi.

Sasa maswali. Aliyekuja na vipimo vya chumba chake aanze, tumpigie hesabu hapa ubaoni.