Mikao ya uchungu: usilale chali tu dada yangu

Haya mama vijacho karibuni, leo tupo hapa kwangu Mbagala na wifi yangu ana miezi minane, ndo atatuonesha.

Kwanza kutembea, hiyo mnaijua, uchungu ukija egemea ukuta au mning'inie mumeo shingoni, ukiachia endelea. Tupite.

Sasa mpira mkubwa wa mazoezi, wa kukalia. Huu ni sentimita 65, kama wewe ni mfupi chukua wa 55, ujaze mpaka ukikaa magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Jamani nisikilizeni hapa, USIUWEKE JUU YA TAILSI TUPU. Weka mkeka wa mazoezi, vua soksi, ukuta nyuma, na mtu akushike. Binamu yangu alikuwa na wiki 37, nikamwachia mkono sekunde moja tu mpira ukachomoka akakaa chini pwaa, usiku ule ule tukakimbilia hospitali, mtoto alikuwa salama namshukuru Mungu ila mimi sikulala. Mkeka jamani, mkeka.

Subiri simu imeinama... mnaniona? Wifi kunywa maji kwanza.

Huu sasa ndo naupenda kuliko yote, magoti na mikono chini kama unadeki. Kunja khanga mbili weka chini ya magoti. Tumbo linaning'inia, kiuno kinapumua, hasa kama mtoto mgongo wake umeelekea mgongo wako maana uchungu wote unashukia kiunoni. Ona ninavyomkandamiza hapa juu ya makalio kwa kisigino cha kiganja, sio vidole, nakandamiza uchungu ukija naachia ukiisha. Wifi nizidishe? Kasema nizidishe.

Ukichoka lala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Chali hapana, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka, unaona kizunguzungu na mtoto naye damu inampungukia.

Ukifika leba mwambie nesi mapema unataka mkao gani, Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema mama achague mwenyewe, hata wima. Kama una presha au mtoto ametanguliza makalio msikilize nesi kwanza, na mkao wowote ule usisukume kabla njia haijafunguka sentimita 10.

Mipira ninayo, naleta mpaka Tegeta kwa bodaboda, pampu ndani. Na mkeka usisahau. Haya wifi inuka taratibu, anza na goti moja, nimekushika.