Usipime Palipolika

Assalamu alaikum. Wazee mlionitangulia kazini mnivumilie, leo nasema na vijana juu ya kupima kapi bovu ili kutengeneza jipya.

Hili ni kapi la henza, kamba ya kupandishia tanga; limeteremshwa kwenye mashua moja ya hapa Lamu kusi ilipomalizika. Lilikuwa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Lipitisheni mkono kwa mkono. Tazameni pini: ncha zake mbili, zilizojificha ndani ya mashavu, zile kuta mbili za kapi, zina milimita 12 kamili. Katikati, pale linapokaa roda, gurudumu linalopitisha kamba, zimebaki 9. Tena imelika upande wa juu tu. Roda huzunguka, kwa hiyo tundu lake hupanuka kotekote. Pini haizunguki; kamba inaivuta roda chini, nayo pini hulika mgongoni. Mashavu yanayoibeba pini hulika upande wa chini. Ukishalijua hilo, unajua pa kuweka kalipa, kile chombo cha kupimia unene.

Mimi sikulijua. Kapi langu la kwanza nililiiga bovu lilivyo, roda yake nyembamba iliyosagika nikaichonga mpya nyembamba vilevile, nikajiona fundi. Siku ya kwanza ya tanga, kamba ikaruka ikaingia kati ya roda na shavu. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikakwama nusu ya mlingoti, haipandi haishuki, mbele ya Shela, na ufukwe umejaa watu. Sikununua samaki Shela mwezi mzima.

Kwa hiyo pini pimeni ncha zake. Unene wa roda upimeni kwa nafasi iliyo kati ya mashavu. Mfuo wa roda, ule mfereji inamolala kamba, upimeni kwa kamba itakayotumika, kwa sababu roda nyingi za zamani zilichongwa kwa kamba nene ya kumbi, na leo mwenye chombo anakuja na nailoni nyembamba. Mfuo ukiwa mwembamba unaibana kamba. Ukiwa mpana, kamba inalala bapa.

Kukereza, yaani kuchonga mti huku unazungushwa, si tabu. Mji uliokereza miguu ya vitanda miaka yote hii hautashindwa na roda.

Tabu iko kwenye pini. Msidanganywe na shaba ya njano kwa kuwa inang'aa. Ile ni shaba nyekundu na zinki, na maji ya chumvi huiondoa zinki polepole. Nje unaona pini nzima. Ukiivunja, ndani ina rangi ya waridi, inamong'onyoka kama biskuti iliyolowa. Tafuteni bronzi, ile ya shaba na bati. Na mkiweka bronzi, msiiegemeze kwenye msumari wa chuma: zikilowa maji ya bahari pamoja, chuma ndicho kinacholiwa.

Mwisho, roda ni ya mti, na mti hufura. Roda inayozunguka vizuri karakanani inaweza kugoma baharini. Iloweke kwanza, kisha ndiyo uipunguze. Ya mashua hii imo kwenye ndoo ile pale mlangoni, leo siku ya tatu. Mtu asiitoe.