Dakika mbili za kila mtoto

Walimu wenzangu, shikamooni mlionitangulia kazini, na wengine habari zenu. Nimeombwa nizungumzie ratiba ya kusoma ya kila siku katika darasa la kwanza na la pili. Nitaanza na mtoto mmoja.

Alikuwa anakaa dawati la mbele. Kila asubuhi darasa liliposoma ukurasa kwa pamoja, sauti yake ndiyo iliyovuma kuliko zote. Niliamini ndiye msomaji wangu bora. Siku moja nikamwita mezani asome peke yake, akasoma ukurasa mzima bila kukosea. Kisha nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari, nikamwuliza, "Hili linasemaje?" Akanyamaza. Akarudi juu kabisa ya ukurasa, akaanza upya kwa sauti ile ile ya kuimba mpaka alipofika pale kilipo kidole changu. Alikuwa ameukariri ukurasa wote. Muhula mzima nilikuwa namsikia, lakini sikuwa nimemsikiliza.

Tangu siku hiyo ratiba yangu naipima kwa swali moja tu: leo, kila mtoto amesoma peke yake huku mtu akimsikiliza?

Sisemi tuache kusoma kwa pamoja. Mwoga hupata ujasiri ndani ya sauti za wenzake, na wote hujifunza mahali pa kupumua. Ila kiitikio hakimpimi mtu. Darasa zima likiitikia "ba, be, bi, bo, bu", wewe huwezi kujua nani anasoma na nani anafuata mdomo wa jirani.

Kiswahili kimetupunguzia mzigo mkubwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake. Mtoto akiijua "ba" ya baba, ameijua na ya kabati. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya waliokuwa wanamaliza mwaka wa kwanza wa kusoma. Katika lugha nyingi zenye tahajia wazi, yaani neno husomwa kama lilivyoandikwa, kama Kifini, watoto walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Waliosoma kwa Kiingereza, kule Scotland, walipata asilimia 34. Tahajia yetu ni ya jamii ya Kifini. Kwa hiyo mtoto anayekaa miaka miwili bila kuunganisha silabi, tusiilaumu lugha wala tusimwite mzito. Tujiulize amesikilizwa mara ngapi.

Hata hivyo urahisi huo una mitego yake. Piga makofi kwa neno "mbu": mawili, kwa sababu m imesimama peke yake. Sasa piga kwa "mbuzi": mawili pia, lakini safari hii m imeungana na bu. Herufi ni zile zile, kazi ni tofauti. Hapo watoto huteleza, kama wanavyoteleza kwenye ngoma na ng'ombe. Halafu maneno yetu ni marefu. "Hawajatuandikia" lina silabi nane. Mtoto anayesoma silabi moja moja akifika "kia", "hawa" imeshampotea. Ndiyo maana kurudia ukurasa wa jana si kupoteza muda. Mara ya pili na ya tatu jicho linaanza kuona "hawaja" kama kitu kimoja, na akili inapata nafasi ya kuelewa.

Basi siku inakwenda hivi. Mtoto akiingia, kitabu cha jana kiko mahali pake, anakifungua na kusoma kwa mnong'ono. Hakuna anayeuliza "mwalimu, tufanye nini?" kwa sababu jibu ni la kila siku. Hii ndiyo faida kubwa ya mazoea: mtoto hatumii akili yake kukisia utaratibu, anaitumia kwenye maneno. Kisha kadi za silabi, dakika tano, za leo zikichanganywa na za wiki iliyopita, maana kisichorudiwa hutoka kichwani upesi. Kisha imla ya maneno matatu. Matatu yanatosha.

Halafu wanasoma wawili wawili. Mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole, wanabadilishana. Wakati huo mimi niko mezani naita mmoja mmoja.

Hapa mtaniambia: watoto ni wengi. Ni kweli, tufanye hesabu pamoja. Ukiwa na watoto 45, ukiwapa dakika mbili kila mmoja, ni dakika 90, haiwezekani kwa siku. Lakini ukiita 9 kila siku ni dakika 18, na kwa siku tano umewamaliza wote. Siku nyingine nne kila mtoto anasikilizwa na mwenzake. Wakiwa 80, ita 16, ni dakika 32. Ni nzito, lakini inabebeka.

Ndani ya dakika hizo mbili kazi ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu wa sayansi akakuta kwamba baada ya kuuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hujibu wenyewe au humgeukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Nami mtoto akikwama nahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Akiwa bado kakwama, simpi neno. Nalifunika, naacha silabi ya kwanza, kisha ya pili. Mara nyingi analimaliza mwenyewe, na uso wake unabadilika. Kwenye daftari naandika kilichomkwaza: b na d, ng', m ya mtu. Kadi za kesho zinatoka humo.

Mwisho namwuliza swali moja kuhusu maana ya alichosoma, kwa mfano: kwa nini huyu alirudi nyumbani? Watafiti Gough na Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma ni zao la vitu viwili, kutambua maneno na kuelewa lugha. Zao, yaani kuzidisha: kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Ndiyo sababu sikubali hadithi ya mwisho wa siku ikatwe muda ukibana. Pale nawasomea mimi, kitabu kilichowazidi kidogo, nao wanapata maneno ambayo wasingeweza kuyasoma wenyewe.

Kabla hatujaanza nimeulizwa na mwalimu mmoja: je, asiyetaka kabisa kuja mezani? Usimvute, na wenzake wasimcheke. Nenda wewe kwenye dawati lake, ukae naye kimo kimoja. Soma sentensi moja, yeye asome inayofuata. Akikataa, soma zote mbili, kesho urudi. Yule wangu wa dawati la mbele, aibu ya siku ile ilimfanya agome siku nne. Siku ya tano nilipokaa kando yake alinisogezea kitabu bila kunitazama, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.